Kemia Moja, Kiswahili Nane

Matokeo yaliingia kwenye simu ya mpwa wangu asubuhi moja ya Agosti, baridi ya Thika ikiwa bado haijaamua kuondoka. Nilikuwa nimeketi kwenye kizingiti cha jikoni nikisoma kitabu chake cha kemia. Hiyo ilikuwa tabia yangu. Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo husoma chochote kinachoachwa wazi mbele yangu: maandishi ya magunia ya mbolea, karatasi zinazokunjwa ndani ya pakiti za dawa, gazeti lililofungiwa nyama. Kitabu cha kemia kilikuwa kizuri kuliko hivyo vyote. Nilikuwa nimefika mahali wanapoeleza kwa nini chumvi huyeyusha barafu barabarani, nikawa najiuliza ni nani hapa Makongeni atakayewahi kupata shida hiyo.

Mpwa wangu alikuwa amesimama kando ya mfereji wa maji wa uani, ndoo ikimwagika miguuni pake. Hakuufunga.

"Mama," aliniita.

Hapa lazima nieleze. Kwa Kikuyu, ndugu wa kiume wa mzazi wako wa kike unamwita mama. Wageni hucheka wakimsikia msichana mkubwa akimwita mama mwanamume mwenye ndevu. Dada yangu alifariki mtoto huyu akiwa hajaanza hata chekechea, kwa hiyo neno hilo lilinibakia mimi peke yangu. Waliomlea hasa ni baba yangu na mama yangu, guka na cucu wake. Mimi nilikuwa mtu wa kwenda na kurudi. Nimechuma kahawa Ruiru, nimechonga mawe Juja, nimepaka rangi nyumba za watu mpaka Kiganjo, na kila kazi ilipoanza kujirudia niliiacha nikarudi nyumbani kulala kwenye kochi.

"Mama, yameingia."

Kabla sijainuka, baba yangu alikuwa tayari amefika mlangoni. Masikio yake yaliharibiwa na mashine za kiwanda cha mikebe ya mananasi, lakini kuna maneno aliyoyasikia hata kupitia ukuta.

"Leta nione."

Alivaa miwani, akaishika simu kwa mkono ulionyooka kabisa, akaanza kusoma kwa sauti kama mtu anayeita majina.

"Hesabu, mbili. Kiingereza, tatu. Baiolojia, tatu. Biashara, tatu. Jiografia, mbili. Kemia..." Alisimama. Akasogeza simu karibu, akaisogeza mbali tena. "Kemia, moja. Moja! Ngai wakwa! Moja!"

Alicheka. Tangu tumzike mama yangu mwaka uliotangulia, hakuna mtu aliyekuwa amesikia kicheko ndani ya ua ule. Alimshika mjukuu wake mabega akamtikisa, maji yakiendelea kumwagika.

"Guka, si hivyo," msichana alisema. "Guka, ngoja."

"Ningoje nini? Nimengoja miaka yote." Akarudi kwenye simu. "Kuna hii ya mwisho tu. Kiswahiri, nane. Hiyo Kiswahiri isikusumbue kabisa. Hata mimi nilipata nane. Kiswahiri si ya kula."

Kisha akatoka kwenda kuwaambia majirani.

Msomaji mdogo wa umri huenda asielewe furaha hiyo ilitoka wapi, kwa hiyo nieleze tena kidogo. Baba alifanya mtihani wa kidato cha nne zamani, kabla ya mfumo wa nane-nne-nne kuletwa. Wakati huo somo lilipewa nambari kutoka moja hadi tisa. Moja ilikuwa ndiyo ya juu kabisa, na tisa ilikuwa kuanguka. Walijumlisha masomo sita bora, na mwenye pointi chache ndiye aliyeshinda na kupewa Divisheni Wani. Baba alipata Divisheni Thrii. Tangu nikiwa mtoto nilijua alama zake kuliko nilivyojua za kwangu, kwa sababu alizitaja kila mtu alipotaja shule: hesabu tisa, kemia nane. Ile tisa ndiyo iliyompeleka kiwandani.

Mpwa wangu alisomea shule ndogo ya mfumo wa Uingereza huko Mugutha, jumba la kuishi lililogeuzwa madarasa. Baba alimhamishia huko wakati mitaala ya serikali ilipokuwa ikibadilishwa na kila mtu akibishana. Alisikia kwamba mtihani wa kimataifa unakubalika kila mahali, hilo likamtosha. Walimu waliingia na kutoka. Yule wa kemia aliondoka katikati ya mwaka, na maabara ilikuwa sinki mbili na kabati. Na mtihani wenyewe nao ulitumia nambari kutoka moja hadi tisa.

Nilifunga mfereji. Msichana alikuwa amekaa chini, sketi ikiloa.

"Tisa ndiyo ya juu, si ndiyo?" nilimuuliza. Nilishawahi kupaka rangi ukumbi wa shule ya aina hiyo kule Ruiru, na ukutani kulikuwa na picha za watoto waliosifiwa, kila mmoja na tisa zake chini ya kidevu.

"Tisa ndiyo ya juu. Nne ndiyo unaambiwa umepita." Aliangalia lango alilotokea guka. "Nimepita Kiswahili pekee, mama. Hiyo anayonipea pole."

"Mbona hukumwambia?"

"Si umemsikia akicheka?"

Kutoka nje tulisikia mwanamke anayechoma mahindi kwenye kona akipiga kelele, "Divisheni Wani! Woiye, mzee, hongera!" Kabla ya jua kuzama watoto wa mtaa walikuwa wameshampa mpwa wangu jina. Wakimwona walimwita Wani.

*

Siku iliyofuata tulikwenda Mugutha, mimi na yeye. Nilimwambia baba tunafuata cheti cha kuhamia. Usiku nilikuwa nimesoma kwenye simu ushauri mwingi wa watu wanaowaandikia wanafunzi waliopata matokeo. Wote walianza mahali pamoja. Tulia. Usijilinganishe na wenzako. Zungumza na mtu mzima unayemwamini. Nilisoma hilo la mwisho mara nyingi, kwa sababu nilijua mtu huyo kwake ni mimi, na sikuona ambacho angepata kwa kuzungumza nami.

Mkurugenzi alikuwa mwanamke mchangamfu mwenye mafua. Alituketisha ofisini, pale palipokuwa zamani chumba cha kulala. Ukutani nyuma yake palikuwa na kioo kikubwa ambacho hakuna aliyekumbuka kukiondoa, kwa hiyo alipokuwa akizungumza tulijiona tukisikiliza.

"Mtu akipata matokeo kama haya kuna mambo ya kufanya," alisema, "na kulia sio moja yao. Mnaweza kuomba zisahihishwe upya. Lakini kutoka moja kwenda nne, hapo sitawadanganya. Cha maana ni kurudia Novemba. Hesabu, Kiingereza, baiolojia, kemia. Ajifungie nyumbani, nitamtafutia mwalimu. Akipita, Januari anaingia chuo na wenzake."

Chuo ndicho alichokitaka mpwa wangu. Guka alipokuwa bado kazini alimpeleka siku moja kiwandani, msichana akaona wanawake waliovaa makoti meupe wakipima juisi ya mananasi kwenye vichupa. Tangu siku hiyo hakutaka kuwa kitu kingine.

"Na asiporudia Novemba?" niliuliza.

"Basi angojee mwaka ujao, Mei. Mwaka mzima nyumbani, wenzake wameenda. Nimeona wasichana wakingoja hivyo. Wengi hawarudi." Alipenga kamasi. "Usajili unafungwa Ijumaa hii."

"Na Kiswahili?"

"Kiswahili asiguse. Kiswahili ametushinda sisi wote."

Mpwa wangu alitabasamu kidogo, akajiona kwenye kioo, akaacha.

Nilisema niko tayari kutia sahihi hapo hapo. Mkurugenzi akanitazama.

"Wewe ni nani wake?"

"Ni mama," mpwa wangu alijibu haraka, bila kufikiri.

Mkurugenzi alicheka mpaka mafua yakamkaba. "Nilidhani mama ni mimi hapa!" Kisha akajifuta macho. "Mjomba. Sawa. Lakini mlezi aliyeandikishwa ni mzee. Nilishaingia matatani kwa kusajili mtoto bila mlezi wake. Mleteni mzee. Hatua ya kwanza ni hiyo, mkae chini na mzee."

Nilimwomba ampigie simu, na alikuwa mtu mzuri, alipiga pale pale. Baba alipotambua ni shule, alianza kumshukuru. Tulimsikia wote watatu, sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia. Alimshukuru kwa kemia, akawashukuru walimu mmoja mmoja kwa masomo yao, akaanza kumwombea. Mkurugenzi alisema, "Mzee, samahani, mzee, kuna jambo," na mzee akasema, "Amina," na akakata.

Mkurugenzi aliitazama simu yake. "Sasa nyinyi mtafanyaje?" alituuliza.

*

Nilimwambia baba. Sitaki msomaji afikiri sikumwambia. Ilikuwa asubuhi, anakunywa uji, na mlangoni shati lake jeupe lilikuwa limeshaanikwa kwa ajili ya Jumapili, kwa sababu alikuwa ameomba kanisani siku ya shukrani na mchungaji amekubali.

"Baba, hizo pointi zinasomwa kwa kugeuzwa."

"Zinageuzwa aje?"

"Tisa ndiyo ya juu. Moja ndiyo ya chini." Ilibidi nipaze sauti, na jambo kama hilo likisemwa kwa sauti ya juu husikika kama matusi.

Aliweka kikombe chini. "Tisa ni ya juu."

"Ndiyo, baba."

"Mimi nilipata tisa ya hesabu. Unajua ilinipeleka wapi?"

"Kiwandani."

"Kiwandani. Kufunga mikebe mpaka masikio yakaenda. Kama tisa ni ya juu, basi mimi ni daktari. Wewe ni mtoto wa daktari, si ndiyo? Karibu, mtoto wa daktari, ongeza uji."

Nilimwonyesha simu, ukurasa ulioeleza kila kitu. Alisema kwenye simu mtu yeyote anaandika chochote. Kisha akanitazama, si kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Uliacha shule fomu tuu," alisema. "Sikukupiga. Nilikuacha uzunguke. Lakini huyu usimuonee wivu."

Akamwita msichana. Alikuja kutoka jikoni na sufuria mkononi.

"Mama wako anasema umeanguka. Ni ukweli?"

Alimtazama guka wake, akalitazama shati mlangoni. Mimi nilimtazama yeye. Nilitaka aseme na nilitaka asiseme.

"Guka, mimi..."

"Umeanguka ama umepita?"

"Nimepita Kiswahili," alisema.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Aligonga meza kwa kiganja. "Unamsikia? Atiriri, huyu mtoto ana utani kama cucu wake!" Na kwa sababu alikuwa amemtaja cucu, machozi yalimlengalenga, na msichana akarudi jikoni.

Nilijaribu njia ya mwisho. Nilimwambia shule inamtaka yeye mwenyewe, ana kwa ana, kabla ya Ijumaa. Hilo alilikubali kwa furaha, isipokuwa siku. "Kwanza tumshukuru Mungu. Jumatatu nitaenda mwenyewe nimwandikishe fomu faifu." Katika mfumo wake, aliyepata Divisheni Wani aliendelea na fomu faifu. Shule ile haikuwa na kidato hicho, na hata nchi haikuwa nacho tena. Nikasema Ijumaa ni bora. Akasema mtu hawezi kuomba zaidi kabla ya kushukuru alichopewa.

Ijumaa ilifika kama siku nyingine yoyote. Nilipiga simu Mugutha asubuhi, nikapiga tena mchana. Mkurugenzi alinijibu kwa upole mara zote mbili. Msichana alifua nguo zote za nyumba, hata zile safi. Jioni alikuja akaketi kando yangu kwenye kizingiti, akakichukua kitabu cha kemia kutoka mikononi mwangu, akafungua mahali nilipokuwa nimekunja ukurasa.

"Umefika hapa?"

"Hapo pananishinda. Eti kuna vitu havibadiliki mpaka uvipe joto."

"Mimi pia palinishinda," alisema. "Palikuja kwa mtihani."

Baba alikuwa sebuleni akijaribu tai.

*

Kanisani alipewa kipaza sauti. Alimsimamisha mjukuu wake mbele, kando ya maua, akasoma matokeo kutoka kwenye simu kama alivyosoma siku ya kwanza, ila sasa kila nambari ilipigiwa makofi. Biashara tatu, makofi. Hesabu mbili, makofi. Alipofika kemia alinyamaza kwanza, akawaangalia watu wote, wazee wa umri wake wakiwa wameshaelewa na kuanza kusimama, na aliposema "moja" wanawake walipiga ngemi, vigelegele vya kwetu, mpaka mabati yakalia.

Mimi nilikuwa nyuma, karibu na vyombo vya muziki. Kijana anayepiga kinanda alimaliza shule ya mfumo huo huo mwaka uliopita. Nilimwona akiinua mikono kutoka kwenye kinanda. Alimtazama mpwa wangu, na mpwa wangu akamtazama, mtu pekee mle ndani, mbali na sisi wawili, aliyejua kusoma kilichosomwa. Nilifikiri atacheka. Badala yake aliinamisha kichwa akaanza kupiga wimbo kwa nguvu, kabla ya wakati wake, na watu wakaufuata, na baba hakupata nafasi ya kusoma Kiswahili.

*

Jumatatu tulikwenda watatu. Baba alivaa suti na kofia, na kutoka barabara kuu alikataa boda boda ili watu wa Mugutha wamwone akitembea na mjukuu. Alikuwa ametutangulia hatua chache. Mpwa wangu alinishika mkono wa shati.

"Mama, atafanyaje?"

"Sijui."

"Si uingie naye."

"Ataniambia nitoke."

Na ndivyo ilivyokuwa. Aliniambia haya ni mambo ya shule, tungoje nje. Tuliketi kwenye benchi chini ya dirisha. Tulimsikia akisalimia, tukamsikia akieleza juu ya fomu faifu, kila neno wazi, kwa ile sauti yake. Kisha mkurugenzi akaanza kuzungumza, na yeye hatukumsikia. Alizungumza kwa muda. Baba alisema, "Aje?" Baadaye akasema tena, "Aje?" kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Nilifikiria kile kioo, kwamba atakuwa anajiona akiambiwa.

Alipotoka alikuwa ameshika kofia mkononi. Hakututazama. Mkurugenzi alisimama mlangoni nyuma yake akanitikisia kichwa, nami nikaelewa kwamba amejaribu hata kwa usajili, na umefungwa.

Tulitembea kurudi barabarani. Alikuwa anakwenda polepole sasa, na sisi tulilazimika kupunguza mwendo ili tusimpite. Msichana alilia kimya, akifuta kwa mkono wa sweta, na guka wake hakuweza kumsikia.

Tulipofika karibu na barabara alisimama.

"Kiswahili," alisema, bado akitazama mbele. "Ulipata ngapi?"

"Nane, Guka."

"Nane ni nzuri?"

"Ni nzuri, Guka."

Aliirudisha kofia kichwani. Tukapanda matatu ya kurudi Thika.

Kwenye kona ya Makongeni, yule mwanamke wa mahindi alituona kutoka mbali akaanza kupunga kipande cha kadibodi anachopepelea makaa. "Wani! Wani wetu! Umeingia fomu faifu?"

Mpwa wangu alisimama nyuma yangu. Nilifungua mdomo niseme chochote, kuhusu mvua, kuhusu mahindi, lakini baba alitangulia.

"Kiswahili alipata nane," alisema, kwa sauti ambayo kona nzima iliisikia.

Mwanamke alishusha kadibodi. Umri wake na wa baba haukupishana sana. "Woiye," alisema. "Pole, mtoto wangu. Si yote."

"Usimwambie pole. Nane ni kubwa."

Mwanamke alinitazama mimi, akiuliza kwa macho kama mzee yuko sawa.

"Ndiyo, mzee," alisema hatimaye, kwa ile sauti ya kumtuliza mgonjwa. "Ni kubwa kabisa." Akachagua hindi lililoiva vizuri, akalipaka pilipili na ndimu, akampa msichana, na akakataa kulipwa, kwa ajili ya ile nane.